Bunduki ya kwanza ya nusu-otomatiki kwa ajili ya shabaha: uzi kwa Waswahili tulioko Marekani

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Swali hili limekuwa likirudi katika mijadala ya Watanzania, Wakenya na Wakongo tunaoishi Marekani: mtu amealikwa na wafanyakazi wenzake kwenda uwanja wa shabaha, ameupenda mchezo, na sasa anataka kununua bunduki yake ya kwanza ya nusu-otomatiki. Majibu anayopewa huanza na jina la kampuni na kuishia kwenye bei. Mimi naona kwamba kuna mambo yanayotangulia hayo, na kwamba mtu akiyaelewa vizuri, jina la kampuni linakuwa jambo dogo.

Nianze na msimamo wangu ili mwenye haraka asisome yote bure. Bunduki ya kwanza ya shabaha iwe ya kaliba (kipimo cha upana wa risasi) .22 Long Rifle, ile ambayo wengi huiita ishirini na mbili tu. Sababu yangu kubwa ni kwamba ustadi wa kulenga hujengwa na wingi wa risasi zilizofyatuliwa kwa utulivu na kwa makini, na hakuna risasi nyingine inayomruhusu mtu wa kipato cha kawaida kufyatua nyingi kiasi hicho. Risasi moja ya .22 hugharimu senti chache tu za dola, wakati ile ya .223 inayotumika katika bunduki za aina ya AR-15 kwa kawaida hugharimu mara kadhaa zaidi ya hapo. Mtu anayetenga kiasi kilekile cha fedha kila mwezi atapata mazoezi mengi sana kwa bunduki ya kwanza na machache kwa ya pili, na tofauti hiyo itaonekana kwenye karatasi ya shabaha kabla mwaka haujaisha.

Sababu ya pili ni mwili wenyewe. Risasi ya .22 haisukumi bega kwa nguvu na kishindo chake ni kidogo, kwa hiyo anayeanza hajifunzi kuogopa mlio. Hofu hiyo ndiyo adui mkubwa wa mlengaji mpya: anafumba macho na kukaza bega sekunde moja kabla ya kuvuta kifyatulio, mtutu unashuka, na risasi inaangukia chini ya alama. Tabia hiyo ikishaingia, kuiondoa ni kazi ndefu kuliko kuizuia tangu mwanzo. Kuhusu nguvu, risasi ya kawaida ya .223 hutoka mtutuni ikiwa na nishati ya karibu mara tisa ya ile ya .22. Nguvu hiyo haina faida yoyote kwa anayetoboa karatasi iliyo umbali wa mita 25 au 50.

Sasa nieleze kinachoifanya bunduki ya nusu-otomatiki kuwa tofauti, kwa sababu hapa ndipo usalama unapoanzia. Ukivuta kifyatulio, risasi moja hutoka. Katika bunduki nyingi za .22, gesi ya baruti inayosukuma kichwa cha risasi mbele hulisukuma pia ganda nyuma, nalo huisukuma bolti, yaani kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Bolti inaporudi nyuma hulitupa ganda nje, kisha springi huirudisha mbele ikiwa imebeba risasi mpya kutoka kwenye magazini (kisanduku cha risasi) na kuiingiza chemba, sehemu ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Yote hayo hutokea kabla hujaliona ganda likianguka. Ili risasi ya pili itoke ni lazima uachie kifyatulio na kukivuta tena, na hapo ndipo inapotofautiana na silaha ya otomatiki kamili, ambayo Marekani iliiwekea udhibiti maalumu tangu mwaka 1934.

Maana yake kwa mwanafunzi ni hii: baada ya kila mlio, bunduki yako iko tayari kulia tena. Kwa bunduki ya bolti ya mkono, mtu akimaliza kufyatua anakuwa na ganda tupu chemba mpaka aamue kukoki. Nusu-otomatiki haikupi nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo mpangilio wa kuitoa risasi ni amri isiyobadilika: magazini hutoka kwanza, kisha bolti huvutwa nyuma ili risasi iliyomo chemba iruke nje, kisha bolti huzuiwa ikiwa wazi, halafu unaangalia chemba kwa macho na, kama mwanga ni hafifu, unaigusa kwa kidole. Mtu akigeuza mpangilio huo, akavuta bolti kwanza na kuchomoa magazini baadaye, atakuwa ametoa risasi moja na kuingiza nyingine, na sasa ameshika bunduki isiyo na magazini anayoamini kuwa ni tupu huku chemba ina risasi. Ningependa kila anayesoma uzi huu aifanye hatua hii mbele ya mwalimu mpaka mkono uizoee, hata kama hatanunua bunduki yoyote.

Kuhusu bunduki zenyewe nitasema kwa ufupi. Ruger 10/22 imekuwapo tangu 1964, ina magazini ya mzunguko ya risasi 10 inayoingia yote ndani ya mwili wa bunduki, ina uzito wa takriban kilo mbili na robo, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali. Ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Marlin Model 60 ilianza mwaka 1960 na bado inapatikana kwa wingi ikiwa imetumika. Risasi zake hukaa katika bomba lililo chini ya mtutu, kwa hiyo huwezi kuchomoa magazini kwa mkono mmoja na kujua kwamba umemaliza, na kwa anayeanza naona hilo ni upungufu. Smith & Wesson M&P15-22 inafyatua risasi ya .22 lakini vitufe na mishikio yake imepangwa kama ya AR-15, na inamfaa mtu anayejua tayari kwamba baadaye atataka AR. Zote tatu ni nzuri. Nenda dukani, ziweke begani, na uchague ile ambayo jicho lako linakutana na alama za kulengea bila ya wewe kuinamisha shingo.

Bajeti yako usiimalize kwenye bunduki. Kinga za masikio, miwani ya kinga, kisanduku cha chuma chenye kufuli, vifaa vya kusafishia, risasi za kutosha na ada ya mafunzo ndivyo vitakavyokufanya mlengaji, na kwa pamoja vinaweza kuzidi bei ya bunduki.

Sheria za majimbo hazifanani. Kwa sheria ya shirikisho, duka lenye leseni linaweza kumuuzia bunduki ndefu mtu mwenye miaka 18, baada ya kujaza fomu namba 4473 na kupita ukaguzi wa kumbukumbu. Lakini jimbo la Washington linazihesabu bunduki zote ndefu za nusu-otomatiki, hata hiyo 10/22, kuwa za watu wenye miaka 21 na kuendelea wenye uthibitisho wa mafunzo. New York inadai leseni kwa anayenunua bunduki ndefu ya nusu-otomatiki. Illinois inadai kitambulisho cha mwenye silaha kabla hujanunua bunduki au risasi. Soma sheria ya jimbo lako na ya mji wako kabla ya kutoa fedha.

Mchangiaji kutoka Texas

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo yako, lakini katika jambo moja sikubaliani nawe. Mimi nilianza na AR-15 na sioni kwamba nilipotea njia. Bunduki hiyo ilitokana na kazi ya Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, na Colt ilianza kuiuza kwa raia katika miaka ya 1960, kwa hiyo imejaribiwa kwa vizazi. Kitako cha nyingi kati yake kinarefushwa na kufupishwa, jambo linalomfaa mke wangu mwenye mikono mifupi na mimi mwenye mirefu bila ya kubadilisha chochote. Msukumo wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Halafu risasi za .22 hukataa kulipuka mara kwa mara kuliko za .223, na anayeanza anavunjika moyo anapolazimika kuhangaika na bunduki iliyokwama badala ya kujifunza kulenga. Mtu anayejua kwamba lengo lake ni kufyatua umbali wa mita 200 au 300 kwa nini anunue bunduki mbili?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja ya kitako nakubali kabisa, na ni kweli pia kwamba risasi za .22 zina hitilafu nyingi zaidi. Kiwashio chake, yaani kemikali inayoiwasha baruti, kimesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na ukingo huo usipojazwa sawasawa kiwandani, pini hupiga mahali pasipo na kitu. Risasi ya .223 ina kiwashio kimoja katikati, ndiyo maana inaaminika zaidi.

Hata hivyo nabaki na ushauri wangu kwa anayeanza bila mwalimu wa karibu. Viwanja vingi vinavyofikika na watu wa mijini ni vya ndani, vyenye umbali wa mita 25 au chini ya hapo. AR-15 ikifyatuliwa ndani ya jengo hutoa kishindo kikali mno, na anayefyatua .22 kwenye kibanda cha jirani hupata mtikisiko wake kifuani. Mwenye kuanza katika mazingira hayo anajifunza kuvumilia kelele kabla ya kujifunza kulenga.

Kwa atakayefuata njia yako, kuna jambo moja la kiufundi ambalo lazima alijue kabla ya kununua risasi. Tazama maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Kama yanasema 5.56 NATO, bunduki hiyo inapokea risasi za 5.56 na za .223. Kama yanasema .223 Remington peke yake, usitumie risasi za 5.56, kwa sababu chemba hizo mbili hazikutengenezwa kwa vipimo sawa na shinikizo la gesi linaweza kuzidi kiwango. Risasi zenyewe kwa macho zinafanana. Halafu majimbo kadhaa, yakiwamo California, New York na Illinois, yamepiga marufuku uuzaji wa AR-15 za kawaida, kwa hiyo ushauri wa mtu wa Texas haumfai ndugu yetu wa Chicago.

Mchangiaji mwanafunzi

Samahani kwa swali la pembeni. Mimi niko hapa kwa visa ya uanafunzi. Rafiki yangu mwenye grini kadi amesema anaweza kuninunulia bunduki kwa jina lake, nami nimlipe kidogo kidogo, kisha tuwe tunakwenda uwanjani pamoja. Je, kuna tatizo?

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutenda, na swali lako haliko pembeni hata kidogo. Naomba unisome kwa makini.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa visa isiyo ya uhamiaji kumiliki au hata kuwa na bunduki au risasi mikononi mwake, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa, ambayo unaojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo mojawapo la Marekani. Kuishika bunduki ya rafiki uwanjani kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuwa nayo. Kwa hiyo hata kabla ya kununua, hiyo safari ya uwanjani yenyewe inahitaji uhakika kwamba umo ndani ya msamaha.

Alichokipendekeza rafiki yako ni kosa kubwa zaidi. Fomu 4473 inamuuliza mnunuzi kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Akijibu ndiyo huku fedha ni zako na bunduki ni yako, amedanganya serikali, na tangu sheria ya mwaka 2022 ununuzi wa namna hiyo umewekewa adhabu ya hadi miaka 15 gerezani. Ninyi wawili si raia, na hatia inayohusu silaha ni moja ya sababu za kumfukuza nchini hata mwenye grini kadi. Mpende rafiki yako kwa kumkatalia.

Kabla ya hatua yoyote, onana na mwanasheria wa uhamiaji. Saa moja ya ushauri wake ni gharama ndogo. Wakati huohuo zipo klabu za bunduki za hewa, nyingine ndani ya vyuo, ambazo hufundisha mkao, pumzi na uvutaji wa kifyatulio kwa shabaha ya mita 10. Bunduki ya hewa kwa kawaida haiingii katika maana ya silaha ya moto chini ya sheria ya shirikisho, ingawa baadhi ya majimbo na miji ina masharti yake. Utakachojifunza huko utakitumia bila kupunguza chochote siku utakapokuwa na haki ya kumiliki .22.

Niongeze jambo linalowahusu wote, hata wenye uraia: fomu hiyo inauliza pia kuhusu dawa za kulevya, na inatahadharisha waziwazi kwamba bangi bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho hata pale jimbo lilipoiruhusu. Hukumu ya ukatili wa nyumbani, hata iliyo ya kosa dogo, nayo humwondolea mtu haki ya kumiliki silaha.

Mchangiaji kutoka Minnesota

Mimi ni mama wa watoto watatu, na mume wangu ameanza kuzungumzia ununuzi huu. Sipingi mchezo wenyewe. Ninachotaka kujua ni namna ya kuishi na kitu hicho ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka minne na kijana wa miaka kumi na sita.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, nakushukuru, na ninatamani kila ununuzi ungeanzia hapo ulipoanzia wewe.

Bunduki ikae ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa, ikiwa haina risasi, na chemba ikiwa imekaguliwa. Risasi zikae mahali pengine penye kufuli yake. Ufunguo usifichwe juu ya kabati wala ndani ya kikombe jikoni, kwa sababu watoto wanajua nyumba kuliko sisi. Ubaki kwa mwenye bunduki au itumike kufuli ya namba isiyo tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Kwa bunduki ya shabaha hakuna sababu yoyote ya kuiweka tayari kufyatuliwa nyumbani.

Kuhusu kijana wa miaka kumi na sita nitasema kwa uwazi, kwa sababu katika jamii zetu jambo hili huzungumzwa kwa kunong'ona. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe. Fikra hiyo inaweza kuja kwa haraka na kupita, na bunduki inayofikiwa kwa urahisi haimpi mtu nafasi ya pili. Ikitokea mtu yeyote nyumbani, kijana au mzazi, anapita katika huzuni kubwa, bunduki itoke ndani ya nyumba kwa muda, kwa njia ambayo sheria ya jimbo lenu inaruhusu. Maduka na viwanja kadhaa hukubali kuhifadhi.

Lipo pia suala la risasi kama madini, maana kichwa cha risasi ya .22 kimetengenezwa kwa madini hayo, na viwashio vya risasi nyingi vina mchanganyiko wake, kwa hiyo kila mlio huacha vumbi la sumu hewani, mikononi na nguoni. Mtoto wa miaka minne anadhurika kwa kiasi kidogo sana cha madini hayo, kwani huathiri ukuaji wa ubongo. Mume wako asile wala asinywe chochote uwanjani, anawe mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kuingia garini, abadilishe nguo na viatu kabla ya kumkumbatia mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Kama kuna mjamzito nyumbani, tahadhari iwe maradufu, na mjamzito asiende uwanjani. Uwanja wa wazi ni bora kuliko wa ndani, na kama ni wa ndani, aulize kuhusu mfumo wao wa hewa.

Nawe nenda ujifunze kutoa risasi na kukagua chemba, hata kama hutaki kufyatua. Si vizuri kuwe na kitu ndani ya nyumba yako ambacho hujui kukitambua kama kiko salama.

Mchangiaji kutoka Ohio

Naomba nichangie pale mwenzetu wa Texas alipogusia bunduki kukwama, kwa kuwa nimekuwa nikisaidia wanaoanza katika klabu yetu.

Bunduki za .22 za nusu-otomatiki huchagua risasi. Bunduki mbili za aina moja kutoka kiwanda kimoja zinaweza kupendelea risasi tofauti. Usinunue boksi la risasi elfu moja siku ya kwanza. Nunua paketi ndogo za aina nne au tano, fyatua kila moja kwa utulivu ukiwa umeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kisha angalia ni ipi inayokusanya matundu karibu na ambayo haikwami. Risasi za mwendo wa polepole sana wakati mwingine hazina nguvu ya kuisukuma bolti hadi mwisho, na ganda hubaki limebanwa mlangoni. Mara nyingi bunduki inayokwama ni chafu tu, kwa sababu masizi na nta vimejaa chemba.

Ukivuta kifyatulio na usisikie mlio, usiifungue bunduki papo hapo. Iache mtutu ukiwa umeelekea shabaha kwa nusu dakika, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha chomoa magazini, toa risasi hiyo na iweke katika chombo cha uwanja cha risasi mbovu. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Toa risasi, fungua bolti na uangalie kama mwanga unapita. Kwenye nusu-otomatiki jambo hili ni la hatari kuliko kwenye bunduki nyingine, kwa sababu chemba ikijipakia tena, kidole chenye haraka hakitasubiri masikio yaelewe.

Kwa mafunzo, nawapendekezea Project Appleseed, ambao ni mradi wa kujitolea uliopo tangu 2006. Mafunzo yao ya siku mbili hufanyika mita 25 na .22 ya nusu-otomatiki ndiyo inayofaa zaidi, pamoja na mkanda wa kufunga mkononi. Shabaha zao zimepunguzwa ukubwa ili mita 25 iwe na ugumu wa umbali wa hadi yadi 400. Anayeweza kupata pointi nzuri pale kwa alama za kulengea za chuma bila darubini amekwisha kujifunza mengi.

Mchangiaji mwanafunzi

Nashukuru sana, mkuu. Nimemwambia rafiki yangu kwamba haiwezekani, na nimejiandikisha katika klabu ya bunduki za hewa hapa chuoni. Swali langu la mwisho: kwa wale wanaomiliki kihalali, wanaporudi nyumbani moja kwa moja, wanaweza kuipakia bunduki katika kontena pamoja na vyombo vingine?

Mwanzisha uzi

Hapana, na heri umeuliza hadharani. Kusafirisha bunduki au risasi nje ya Marekani kwa kawaida kunahitaji kibali cha serikali ya Marekani, na hata darubini ya bunduki imo katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa. Upande wa pili, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake ya silaha, na katika nchi zote mbili kibali hutangulia silaha. Kenya imeweka adhabu nzito kabisa kwa anayekutwa na silaha za aina ya AK-47, G3 na zinazofanana nazo bila ruhusa. Kuficha bunduki kati ya magodoro ndani ya kontena ni kumtumbukiza hatarini hata ndugu atakayelipokea bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Anayerudi aiuze kwa duka lenye leseni katika jimbo lake, achukue stakabadhi, na aifanye kazi hiyo wiki kadhaa kabla ya safari ili asilazimike kuiacha kwa mtu asiye na haki ya kuwa nayo.